Zamu Katika Ubongo wa Nzi

Msomaji, nzi mdogo mwenye macho mekundu, arukaye juu ya ndizi mbivu, wengi humfukuza kwa mkono bila kumfikiri. Ubongo wake ni mdogo kuliko punje ya ufuta. Lakini ramani iliyotangazwa mwaka 2024 ilionyesha ndani yake seli za neva zipatazo 139,000, kila moja mahali pake. Je, zilipangwa na nini?

Karibu kila seli ya nzi ina jeni zile zile, kama wanafunzi wa darasa moja walivyo na kitabu kimoja. Tofauti huletwa na ukurasa unaofunguliwa. Zipo jeni zilizopewa usimamizi: protini zake huziamsha jeni hizi na kuzinyamazisha zile.

Mimi ni mwalimu, nami huishi kwa kengele na ratiba. Kwa hiyo linalonistaajabisha zaidi ni zamu. Katika kiinitete cha nzi, seli mama ya neva hugawanyika tena na tena. Kwanza hutawaliwa na msimamizi aitwaye Hunchback, kisha Krüppel, kisha Pdm, kisha Castor. Kila seli inayozaliwa hupokea alama ya zamu yake, na alama hiyo huielekeza itakuwa ya aina gani. Hunchback akikataa kuondoka, seli za aina ya kwanza huzidi kiasi, na zile za baadaye hukosa nafasi. Ubongoni nako zamu za namna hii zimeonekana, ingawa baadhi ya wasimamizi ni wengine.

Pengine utauliza, haya yatufaa nini sisi? Yuko msimamizi mwingine, eyeless, ambaye husaidia kujenga macho ya nzi na sehemu ya ubongo itunzayo kumbukumbu za harufu. Mwaka 1994 wataalamu walitambua kuwa jeni hiyo ni ndugu ya PAX6 iliyo ndani yetu. Nakala moja ya PAX6 ikiharibika, mtoto huweza kuzaliwa bila lile duara lenye rangi katika jicho, na mwanga ukamtesa.

Basi, mwanafunzi, usipime elimu kwa ukubwa wa kiumbe. Anayetafuta chanzo cha maradhi ya mtoto huyo ana haki ya kuanzia kwa nzi wa ndizi, wala asichekwe.