Gari Lilikuwa Zima, Lakini Mama Hakuweza Kulipanda

Gari bovu halina maswali mengi. Likikulaza njiani mara tatu kwa mwezi utaliuza hata kwa bei ya vyuma chakavu na kumshukuru mnunuzi. Taabu huja gari linapokuwa zima. Letu lilikuwa zima kabisa. Ni Suzuki Escudo fupi, lile lenye milango miwili ya abiria na mmoja wa nyuma, ambalo mume wangu alilinunua mwaka 2007 likiwa limekwisha kutumika Japani. Kwa wale wanaopima umri wa gari kwa kutazama kibao chake, lina zile namba za A ambazo vijana huzicheka. Waache wacheke. Kwa miaka kumi na saba lilitutoa Kilwa Masoko hadi Nangurukuru, likaiacha lami na kushika barabara ya Liwale mpaka shambani kwetu Njinjo, na kila mara liliturudisha nyumbani. Anayeijua barabara hiyo wakati wa masika anajua nasifia nini.

Basi kwa nini tukaanza kuzungumza habari ya kuliuza?

Agosti 2023 mama mkwe wangu alipata kiharusi, ukalegea upande wote wa kulia. Tulimhamishia kwetu Masoko, na akaanza kwenda Hospitali ya Mkoa ya Sokoine mjini Lindi kwa ajili ya vipimo na mazoezi ya viungo. Hapo ndipo tulipoligundua gari letu upya. Kiti cha mbele kiko juu, na mtu mwenye mguu mmoja tu wa kutegemea hawezi kujikweza. Kiti cha nyuma ndiyo usiseme, maana kukifikia sharti ukunje cha mbele na kujipenyeza kama mwizi. Kiti chake cha magurudumu hakikuingia nyuma watoto wakiwepo, kwa hiyo tulikifunga juu kwa kamba, kikafika Lindi kimejaa vumbi.

Mume wangu alikuwa akimbeba. Ana nguvu, na hakulalamika hata siku moja. Lakini mama ni mwanamke wa zaidi ya miaka sabini, mjane, aliyewalea watoto sita kwa jembe lake mwenyewe. Kubebwa na mtoto wake wa kiume mbele ya watu, kanga ikipanda juu ya goti, kulimuumiza kuliko ugonjwa. Alianza kusema, “Mwanangu, leo sijambo, tusiende.” Safari ya pili akasema mvua itanyesha. Safari ya tatu alisema tumechoma petroli ya kutosha kwa ajili yake. Akina mama wenzangu, mnazijua sababu za wakwe zetu. Haikuwa petroli wala mvua.

Shemeji yangu aliyeko Dar es Salaam ndiye aliyeleta wazo la kununua stesheni wagoni. Sisi wa umri wangu tukilisikia jina hilo tunaikumbuka Peugeot 504 ndefu, ile “Pijo” yenye viti safu tatu ambayo ikipita kijijini watoto wote hutoka nje. Siku hizi watu wanasema Fielder au Probox tu. Ni magari ya chini, marefu nyuma, mlango wa nyuma hufunguka kwenda juu, na sakafu yake haiko mbali na magoti, hivyo mwanamke peke yake aweza kusukumia ndani kiti cha magurudumu bila kuita vijana.

Mume wangu alikataa. Alikuwa na hoja, wala si hoja ya mapenzi tu, ingawa mapenzi yalikuwepo. Alisema huku si Dar es Salaam. Gari la chini litakwama kwenye tope la Njinjo, na siku mtoto akiugua usiku wa mvua tutalia. Alinikumbusha mafuriko ya Januari 2020 yaliyoikumba wilaya yetu, ambapo watu walikufa na wengi wakapoteza nyumba. Nilinyamaza. Huwezi kumjibu mtu haraka anapotaja jambo kama lile.

Kisha tarehe 4 Mei 2024 kikaja kimbunga Hidaya. Mvua ilibomoa barabara kuu ya Dar es Salaam maeneo ya Somanga, na mikoa ya kusini ikakatika na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003 kule Rufiji, na baadaye kipande cha Ndundu hadi Somanga kuwekwa lami, tulikuwa tumezoea kwenda Dar es Salaam na kurudi kama watu wengine. Siku zile malori, mabasi na magari makubwa ya ofisi, yale yanayovuta kwa magurudumu yote manne, yalisimama foleni moja na vigari vidogo. Barabara inapokuwa imeondoka, hakuna gari la juu wala la chini, kuna kungoja tu. Jambo hilo lilimtikisa mume wangu kuliko maneno yangu yote.

Mimi nilifanya kazi nyingine. Nilichukua daftari la mtoto lililobaki nusu na kuandika kila safari ya gari kwa miezi mitatu: tumekwenda wapi, nani alikuwemo, njia gani. Nawashauri mfanye hivyo kabla ya kununua chochote kikubwa, maana sisi binadamu hukumbuka safari ngumu na kusahau zile za kila siku. Safari 46. Njinjo tulikwenda mara tano, tena mbili kati ya hizo tulikuta njia kavu. Zilizobaki zote zilikuwa za lami au mitaa ya Masoko: sokoni, shuleni, kanisani, Kivinje, Lindi. Na katika safari kumi na tisa mama alipaswa kuwemo. Kumi na moja kati ya hizo alibaki nyumbani.

Nilimpa mume wangu daftari akasome mwenyewe. Alilisoma jioni, akakaa kimya mpaka wakati wa kulala, kisha akaniuliza, “Hizi kumi na moja, alisema haendi?” Nikamwambia ndiyo.

Fedha za ufuta za msimu ule zilipoingia, tulianza kutafuta. Kuagiza moja kwa moja kutoka Japani kulitushinda. Tulipouliza, tuliambiwa gari dogo la abiria hutozwa ushuru wa forodha 25%, kodi ya ongezeko la thamani 18%, na likizidi miaka kumi huongezwa 30% ya uchakavu, mbali na tozo nyingine. Tukaamua kununua lililokwisha kuingia nchini, Fielder ya shilingi milioni 13. Fundi wetu alilala chini yake nusu saa nzima akigongagonga bati, kwa sababu gari lililokaa pwani huliwa na chumvi kuanzia chini wakati juu linang’aa. Tuliangalia pia kama kuna faini za barabarani zisizolipwa, maana deni hukaa kwenye namba ya gari, na tukahakikisha jina la kwenye kadi ni la muuzaji mwenyewe.

Lakini jaribio ninalotaka mlikumbuke ni jingine. Nilimwomba muuzaji alilete gari nyumbani kabla hatujatoa hata shilingi. Alishangaa. Tulilisimamisha mahali tambarare, mbali kidogo na ukuta, kiti cha mbele tukakirudisha nyuma mpaka mwisho, na juu yake nikatandika mfuko laini wa nailoni. Mama alisimama akakipa kiti mgongo, akakaa kwanza makalio, kisha akazunguka taratibu. Ule mfuko unateleza, humwezesha mtu kugeuka bila kuvutwa. Mguu dhaifu aliuinua kwa mkono wake wa kushoto. Hakuna aliyemgusa. Tuliangalia na kutoka pia, kwa kuwa kiti kikiwa chini mno mgonjwa wa kiharusi huingia vizuri na kushindwa kuinuka. Hiki alikiweza kwa kushika mlango, mara ya pili. Akamtazama muuzaji akamwuliza, “Baba, linakula mafuta sana hili?” Nikajua amekubali.

Escudo tuliliuza kwa milioni tano na nusu kwa mkulima wa kulekule Njinjo. Mume wangu aliliosha mwenyewe siku ya kulitoa, na sikumsemesha. Tukilikuta njiani hupiga honi, na mwenye nalo anadhani anasalimiwa yeye.

Sitawadanganya kwamba hatukupoteza kitu. Stesheni hii hukwaruza tumbo kwenye lango letu la mchanga mpaka tulipojaza mawe, na mabomba ya moshi tumekwisha kubadili moja. Shamba sasa tunalifikia kwa bodaboda kutoka Nangurukuru mvua zikiwa nyingi, jambo lisilompendeza baba wa watoto hata kidogo. Mama huenda Lindi kila anapopangiwa. Mchinga husimamisha gari anunue samaki, akijadiliana bei kupitia dirishani, na mkono wa kulia umeanza kushika noti. Mume wangu naye amenunua mabuti ya mpira kwa ajili ya masika, na ameyaweka nyuma kabisa, chini ya kiti cha magurudumu.