Ndege wa Amerika ya Kusini Katika Picha

Kumtaja jina ndege usiyepata kumwona kwa macho yako ni kazi itakayo subira. Mwaka huu mjomba wangu alirudi kutoka safari ya Brazil na Ecuador, akaipa maktaba yetu picha 14 za ndege wa huko. Nami nikapewa kazi ya kuandika majina yao, nikisaidiwa na kitabu cha ndege, ili picha zitundikwe ukutani. Napenda kuwaeleza wenzangu njia niliyoifuata.

Jambo la kwanza ni kuuliza picha ilipigwa wapi. Ecuador ni nchi ndogo. Tanzania yaipita kwa ukubwa zaidi ya mara tatu. Hata hivyo ina aina zaidi ya 1,600 za ndege. Lakini wengi wa milima ya Andes hawaonekani katika msitu wa Amazon, wala wa msituni hawapandi milimani. Ukijua mahali, mamia ya majina huondoka mara moja.

Jambo la pili ni kutoharakisha kumpa mgeni jina la ndege wa kwetu. Picha moja ilionyesha ndege mdogo mwenye kung'aa, mdomo wake mwembamba umeingia ndani ya ua. Kila aliyeitazama alisema, "Huyu ni chozi." Kumbe Amerika hakuna chozi hata mmoja! Huyo ni ndege mvumaji, ambaye naye hapatikani porini popote nje ya Amerika. Chozi kwa kawaida hutua juu ya tawi ndipo anywe. Mvumaji husimama hewani, na aweza kuruka kinyumenyume. Hawa si ndugu. Kunywa maji matamu ya maua ndiko kulikowafananisha.

Vivyo hivyo yule wa Brazil mwenye mdomo mkubwa wa rangi ya chungwa na baka jeusi nchani. Wengi walimwita hondohondo. Lakini huyo ni tukani toko. Vidole vyake viwili huelekea mbele na viwili nyuma, kama vya kigogota aliye jamaa yake. Hondohondo huelekeza vitatu mbele.

Lakini msidhani kila ndege wa ng'ambo ni mgeni. Yule mweupe aliyesimama kati ya ng'ombe wa Pantanal, huko Brazil, ni yangeyange wetu hasa. Ndege hao walivuka bahari ya Atlantiki kutoka Afrika, wakaonekana Amerika ya Kusini mwishoni mwa karne ya 19.

Ikabaki picha moja ya ndege mdogo wa rangi ya majani makavu. Mdomo na mkao wake vilionyesha kuwa ni wa jamii ya wakamata nzi wa Amerika, yenye aina zaidi ya 400. Wengi wao hufanana mno, hata wataalamu huwatenga kwa sauti, na picha haina sauti. Mwenzangu mmoja akaniambia, "Andika jina lolote, nani atajua?"

Sikukubali. Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza atakayesoma ukuta ule ataamini kila neno, na kosa hilo atalifundisha wengine. Basi chini ya picha ile niliandika jina la jamii tu, nikaacha nafasi tupu. Iko karibu na mlango wa maktaba. Atakayeweza kuijaza kwa ushahidi, na aje; kalamu nitampa.