Kabla ya Kupiga Hema Njia ya Magadi
Msomaji, ukishapita Kiserian na kuanza kuteremka kuelekea Magadi, utadhani nyika yote ile haina mwenyewe. La hasha! Sehemu kubwa ni ardhi ya jamii za Wamaasai, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inalinda haki yao. Mimi niliwahi kung'oa hema saa nne usiku, watoto wakilia, kwani nililipiga katikati ya njia ya ng'ombe waendao majini.

Basi jua utakapolala kabla ya kuwasha gari. Olorgesailie, yapata kilomita 65 kutoka Nairobi, pana uwanja wa kambi chini ya Makavazi ya Kitaifa. Ukiendelea mbele, fika bomani jua lingali juu, uwaulize wazee, na mpatane malipo. Maji beba kutoka nyumbani.