Nilivyojifanya Bwana Msa

Wako watu wasemao kwamba kusoma hadithi za upelelezi ni kupoteza wakati, na kwamba mtu mzima mwenye kazi yake afadhali asome habari za kilimo na za biashara. Mimi siwalaumu. Lakini nataka kuwasimulia wasomaji jinsi hadithi hizo zilivyopata kunitia makosani kisha zikanifunza, ingawa kosa lilikuwa langu, si la vitabu.

Mimi ni karani wa serikali, umri wangu miaka thelathini na minne, nami nimeletwa kufanya kazi hapa Kipsing, katika Kaunti ya Isiolo. Wenyeji wa hapa wengi ni Wasamburu na Waturkana, watu wa mifugo. Mto wetu kwa miezi mingi ni mchanga mtupu, na maji hupatikana kwa kuchimba humo. Jioni ni ndefu, na mgeni asiye na jamaa hana budi kujitafutia rafiki. Marafiki zangu ni vitabu.

Niliyempenda tangu shule ya sekondari ya misheni ni Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makangale, Pemba, mwaka 1918. Wakulima watafurahi kusikia kwamba tangu 1958 hadi 1968 alikuwa mhariri wa gazeti la Mkulima huko Unguja. Hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda katika mashindano ya uandishi ya 1957 na 1958, ikatolewa kitabu mwaka 1960. Humo ndimo tunamokutana na Bwana Msa na kiko chake, pamoja na sahibu yake Najum. Bwana Msa si askari wala halipwi mshahara. Ni raia mwenye macho na akili. Watu wakinong'ona habari za mizimu, yeye humtafuta mwanadamu aliyetenda. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla akatuletea Simu ya Kifo, na mpelelezi wake, Inspekta Wingo, ni polisi hasa. Basi tukawa na wapelelezi wa namna mbili: mmoja wa kupenda, mmoja wa kazi.

Tena katika hadithi za namna hii mapenzi hayakosi. Zamani nilidhani ni chumvi tu ya kumvuta msomaji. Sikujua kwamba mapenzi yaweza kumfanya mtu asiye na hatia ajifiche kama mwizi.

Mwaka jana, wakati wa mvua za Novemba, nilikwenda Isiolo nikarudi na shilingi 6,000, karo ya mdogo wangu. Asubuhi ya pili nilifungua sanduku langu, fedha hamna. Nilipotoka nje niliona nyayo za akala katika mchanga chini ya dirisha. Nikazijua mara moja: ni za kijana aniteleaye maji kwa punda. Nilimwita nikamwuliza alikuwa wapi usiku. Akainama, asijibu neno. Nikasema moyoni, kunyamaza ndiko kukiri. Nikaenda naye mpaka dukani, na mbele ya watu wote nikasema, "Huyu ni mwizi." Hapana aliyenijibu. Baada ya kitambo mama yake alikuja, akaweka mlangoni pangu sufuria niliyompa zamani, akaenda zake bila kusema.

Mzee mmoja wa Kisamburu alikuja kuzitazama zile nyayo. Akachutama, akasema, "Karani, mtu huyu hakusimama hapa. Mwizi husimama akasikiliza, na visigino vyake huzama. Huyu alikuwa akienda upesi, na mvua ilikuwa imekoma punde." Tukazifuata. Zilipita dirisha langu bila kugeuka, zikavuka mto, zikaelekea boma moja ng'ambo. Mzee akasimama mbali. "Tuishie hapa," akasema, "pale pana binti." Ndipo nilipofahamu. Kijana yule aliona afadhali yeye aitwe mwizi kuliko jina la msichana kutajwa dukani.

Alasiri akapita askari polisi mwenye shughuli zake nyingine. Nilimweleza habari yangu, nikidhani ataanza na dirisha. Hakulitazama hata kidogo. Aliketi juu ya kibao, akatoa daftari, akaniuliza mimi: "Fedha ulizipokea wapi? Ulisafiri kwa gari gani? Ulizitia wapi njiani?" Nilipofika swali la tatu mwili ulinisisimka. Katika lori niliogopa wachomaji wa mifuko, nikazitia noti ndani ya jalada la karatasi ya kaki nililokifunikia kitabu changu. Nikakitwaa kitabu rafuni. Noti zote zilikuwamo. Na kitabu chenyewe, nasema kwa haya, kilikuwa Mzimu wa Watu wa Kale.

Askari hakucheka. Alisema tu, "Kwetu sisi shutuma huandikwa, na aliyeandika huulizwa. Wewe ulitamka tu."

Kesho yake, saa ile ile, nilirudi dukani nikayafuta maneno yangu mbele ya watu wale wale, nikapeleka na mbuzi kwa mama yake kama wazee walivyoniagiza. Kijana alinisamehe, na maji bado huniletea. Lakini zamani alikuwa akiingia na kuketi, tukizungumza. Sasa huweka mtungi nje ya mlango, akabisha, akaondoka.

Hadithi hizi bado nazisoma, ila nazisoma vingine. Niliiga kiko cha Bwana Msa, nikausahau uvumilivu wake. Mzee aliyajua ya mchangani, askari akajua kuuliza, na wote wawili waliogopa kumtaja mtu kabla ya kuwa na hakika. Mimi peke yangu sikuogopa. Mwaka 1984 Muhammed Said Abdulla alitoa kitabu alichokiita Kosa la Bwana Msa. Nikilitazama jina hilo rafuni hukumbuka kwamba hata bingwa huandikiwa kosa lake, sembuse karani. Nawe msomaji, siku utakapokosa kitu nyumbani mwako, anza kwa kupekua mifuko yako mwenyewe.