Injini Iliyohukumiwa Bila Kosa

Msomaji, ukipata kufika Kikoneni, bara ya Msambweni, utaona kwamba mnazi na mkorosho si pambo la shamba. Ni akiba ya mwenyewe. Kwa hiyo nilishtuka nilipomkuta mjomba wangu akitafuta mtu wa kununua mikorosho yake minane.

Gari lake la abiria lilikuwa limepungukiwa nguvu. Katika kuondoka lilijivuta kama mgonjwa, na kilimani lilitaka kusimama. Lakini likiisha kushika kasi katika tambarare, lilikwenda vizuri. Fundi mmoja alikuwa amekwisha kata shauri kwamba injini imekufa na lazima inunuliwe nyingine.

“Mjomba, niwie radhi,” nikasema. “Injini iliyokufa hufufukaje ikienda mbio?”

Alinitazama kwa muda. “Haya, mpwa wangu. Mnunuzi anakuja kesho kutwa.”

Jua kwamba injini huvuta hewa kwa mabomba, na katika injini kama ile hewa ina njia mbili, ndefu na fupi. Injini ikizunguka polepole, njia ndefu huifaa zaidi, kwa kuwa hewa iliyokwisha shika mwendo ndani ya bomba huendelea kujisukuma kuingia silinda. Ikizunguka kwa kasi, njia fupi ndiyo bora. Mlango wa kuchagua njia ni vali. Huvutwa na kijiti kilichoungana na kiwambo, na kiwambo huvutwa na mnyonyo wa injini upitao katika mpira mwembamba. Mnyonyo ukikoma, springi huufungua mlango, na njia fupi hutumika.

Niliwasha injini. Kijiti hakikutikisika. Nilidhani mpira umepasuka, nikauchomoa na kuziba ncha yake kwa kidole; kidole kikanyonywa kwa nguvu. Dhana yangu ya kwanza ilikuwa ya uongo. Nikazima injini, nikaunga kwenye kiwambo pampu ndogo ya kunyonyea hewa. Mshale wa pampu ulipanda ukatulia. Basi kiwambo hakikutoboka. Hata hivyo kijiti kilibaki palepale. Mshitakiwa alikuwa amebaki mmoja: vali yenyewe.

Injini ilipopoa tulifungua bomba, tukaziba matundu ya injini kwa vitambaa safi ili uchafu usitumbukie ndani. Vali ilikuwa imeshikwa ikiwa wazi na utando mweusi, mchanganyiko wa masizi na mvuke wa oili. Kijana mmoja alitaka kuigonga kwa nyundo, mjomba akamzuia. Tuliilowesha kwa dawa ya kusafishia kabureta, tukangoja, tukasugua kwa brashi laini, mpaka ikafunguka na kufunga kwa kusukumwa na kidole tu. Tukaweka gasketi mpya, tukajaribu tena kwa pampu. Kijiti kikavutwa!

Jioni ile gari lilipanda kilima bila kunung’unika. Mjomba hakusema neno mpaka tuliporudi. Kisha alikwenda shambani peke yake, akasimama chini ya mkorosho mmoja, akaupapasa shina lake.

Msomaji, utakutana na wengi wepesi wa kuhukumu. Kabla hujauza mti wako kwa neno la mtu, uliza kila kiungo kwa zamu, ukianza na kile kisichogharimu ila kidole kimoja. Na jibu likipinga dhana yako, iache dhana, ulifuate jibu.