Kamera katika Chumba cha Wanawake: Barua kutoka Uingereza kwa Jamaa wa Tingi

Harusi ya Waswahili nchini Uingereza kwa kawaida huwa na usajili mbele ya afisa wa serikali, kwa kuwa nikaha iliyofungwa huko bila kusajiliwa haitambuliwi na sheria, kisha nikaha yenyewe, ambayo wanaume huishuhudia msikitini, na hatimaye shughuli ya wanawake, ambamo mitandio huvuliwa, vigelegele hupigwa na bibi harusi hutolewa akiwa amepakwa hina hadi viwikoni. Familia nyingi humtafuta mpiga picha kwa kuanzia bei na ukubwa wa albamu, ilhali shughuli hii ya mwisho ndiyo inayopaswa kuamua.

Mwanaanthropolojia Mjerumani Heike Behrend, katika kitabu chake cha mwaka 2013 kuhusu upigaji picha katika pwani ya Afrika Mashariki, anaonyesha jinsi stara ya wanawake Waislamu inavyoweka mipaka kwa kamera. Mipaka hiyo imehamia ughaibuni pamoja na watu wake, ndiyo maana katika baadhi ya shughuli simu za wageni hukusanywa mlangoni na kutiwa kikapuni. Kutafuta mpiga picha mwanamke ni hatua ya lazima, lakini haitoshi hata kidogo, kwa sababu video aliyoirekodi yeye huweza kupelekwa kwa mhariri, yaani mtu anayekata na kuunganisha vipande vyake, na mhariri huyo akawa mwanamume asiyejulikana na yeyote.

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1988 humpa mpiga picha hakimiliki, yaani haki ya kunakili na kusambaza kazi yake, mkataba usipoeleza vinginevyo. Hata hivyo, kifungu cha 85 humruhusu aliyeagiza picha za kifamilia kuzuia zisitolewe wala kuonyeshwa hadharani. Inafaa haki hiyo iandikwe waziwazi kwenye mkataba, pamoja na jina la mhariri na tarehe ya kufuta mafaili, kwani wapiga picha hujitangaza kwa kazi zao mitandaoni.

Kwa hiyo jamaa wa bibi harusi walioko Tingi, mkoani Lindi, Tanzania, wasidhani wamesahauliwa wanapopokea picha za msikitini peke yake kwa WhatsApp. Za wanawake huchapishwa katika albamu, hukabidhiwa msafiri mwanamke hadi Dar es Salaam, na huendelea kwa basi la Lindi mpaka kwa shangazi wa bibi harusi, ambaye anaombwa awaonyeshe wanawake wa nyumbani bila kuruhusu yeyote azipige tena kwa simu, kwa sababu nakala moja tu itavunja ahadi ya stara waliyopewa wageni wote mlangoni.