Mifuko ya taka na mtamba wa bibi

Mtamba alikataa majani siku tatu mfululizo. Tumbo lilivimba upande wa kushoto, akawa anacheua kwa shida, kisha akaacha kabisa. Afisa mifugo alipofika kwenye boma hilo la Mwamapalala, mkoani Simiyu, mnyama alikuwa ameshalala chini. Hakuinuka tena.

Walipompasua, tumboni walikuta bonge la plastiki lenye ukubwa wa kichwa cha mtu. Kamba za viroba na vipande vya mifuko vilikuwa vimeshikana humo kama kitu kimoja. Mke wa mwenye boma, mwalimu wa shule ya msingi, aliona vipande vyeusi na kuvitambua kabla mtu yeyote hajasema neno. Roli ile alikuwa ameinunua mwenyewe Bariadi.

Mtamba alikuwa mali ya mama mkwe wake, ambaye pale nyumbani kila mtu humwita bibi. Alikuwa amemtenga kwa ajili ya ada ya mjukuu wa kwanza atakapofika chuo.

"Hili si la jana, mwalimu," afisa mifugo alimwambia. "Limekusanyika muda mrefu." Akaeleza kwamba ng'ombe hafuati mfuko, anafuata harufu ya ugali na chumvi iliyobaki ndani yake. Plastiki ikishaingia haimeng'enywi, na ikiwa kubwa haipiti kwenda mbele. Inabaki inangoja wenzake. Bibi alisikiliza yote na hakumlaumu mkwewe hata kwa neno moja, na ukimya huo ulimuuma mwalimu kuliko angesemwa.

Kabla ya kuhamia Mwamapalala aliishi Mwanza, mtaa ambao gari la taka lilipita. Huko kazi ilikuwa rahisi: funga mfuko, weka getini, basi. Alihama na mazoea hayo. Maganda ya viazi, majivu ya jikoni na pampasi za mtoto, vyote vilikwenda kwenye mfuko mmoja. Ila nyumbani kwao sasa hakuna gari linalopita, na mfuko uliofungwa vizuri uliishia kwenye shimo la wazi nyuma ya jiko, hatua chache kutoka zizini. Mbwa aliuchana usiku, ng'ombe wakaukuta asubuhi.

Na mifuko yenyewe ilikuwa ile ya bei ya chini kabisa. Ilipasukia kitako hata kabla ya kufika shimoni, kwa hiyo akawa anavalisha ndoo mifuko miwili. Hapa ndipo wazazi wengi tunapopigwa hesabu. Tuseme roli moja ni shilingi 3,000 na nyingine ni 4,500, na kila moja ina mifuko 30. Ya kwanza ni shilingi 100 kwa mfuko, ya pili ni 150. Ukilazimika kutumia miwili kwa safari moja, ile ya 100 imekuwa 200, na bado unaokota maganda uani. Kwa hiyo soma kwanza idadi ya mifuko kwenye karatasi ya roli, si bei peke yake. Wapo wauzaji ambao roli zao ni nene kwa sababu ya boksi la katikati tu.

Unene wa mfuko hupimwa kwa maikroni, yaani sehemu ya elfu ya milimita. Kama namba hiyo imeandikwa, linganisha. Kama haijaandikwa, tumia vidole. Plastiki inayopiga kelele kama karatasi hubeba uzito, lakini ikitobolewa na mfupa au kijiti, ufa hukimbia hadi chini. Ile laini inayovutika huvumilia zaidi vitu vyenye ncha. Angalia pia mshono wa kitako, maana hapo ndipo maji ya taka yanapotokea. Na upime ndoo yako: ulaze mfuko, pima upana wake, zidisha mara mbili. Ukipata namba ndogo kuliko mzunguko wa mdomo wa ndoo, mfuko hautavaa. Manukato yaliyotiwa kwenye mifuko hayaongezi nguvu yoyote.

Kuna wanaoogopa kuinunua wakidhani imepigwa marufuku. Marufuku iliyoanza Juni 1, 2019 ililenga mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, ile tuliyoiita rambo. Plastiki ya kuhifadhia taka iliachwa. Hilo halikupi ruhusa ya kwenda nayo sokoni kubebea nyanya.

Baada ya msiba wa mtamba, baba mwenye nyumba alipendekeza kuchoma kila kitu jioni. Mwalimu alikataa. Mtoto wao wa pili hubanwa kifua, na moshi wa plastiki na pampasi una sumu ambayo moto wa uani haufiki joto la kuimaliza. Walibishana siku mbili.

Aliyetoa njia ni bibi. Aliuliza swali moja: kwa nini maganda ya viazi yanatiwa kwenye mfuko wakati mbuzi wapo? Kweli, maganda yakaenda kwa mbuzi. Majivu yakaachwa yapoe, kisha yakapelekwa shambani. Zamani yalikuwa yanayeyusha mfuko yakiwa na makaa ndani. Chupa tupu na mifuko ya sabuni vikaingia kwenye kiroba cha unga kilichoning'inizwa juu, ambako mbuzi hafiki.

Zikabaki pampasi. Mchana mtoto huvaa nepi za kitambaa, pampasi ni za usiku na safari. Kinyesi hutupwa chooni kwanza, kwa sababu cha mtoto hueneza magonjwa sawa na cha mkubwa. Kisha pampasi huingia kwenye mfuko mmoja mnene ndani ya ndoo yenye mfuniko. Ukijaa hufukiwa kwenye shimo refu, mbali na kisima, lililozungushiwa miiba. Roli iliyokuwa ikiisha kwa wiki tatu sasa inavuka miezi miwili.

Mwezi uliopita bibi alisindikizana na mkwewe hadi Bariadi. Dukani aliomba afunguliwe mfuko mmoja, akamimina ndani yake maji ya chupa aliyokuwa ananywa, akauinua usawa wa macho na kungoja. Muuzaji alicheka. Bibi hakucheka. Kitako kilipobaki kikavu, aliushusha mfuko na kumgeukia.

"Haya, mwanangu. Sasa punguza bei."